Aliyejibu Bandani

Jumamosi, 4 Machi

Mvua imeanza, na Baba naye ameanza. Mvua imeanzia kwenye mabati ya banda la gari, Baba ameanzia kwenye nati za gurudumu la mbele.

Gari la babu limelala bandani tangu bibi afariki mwaka jana. Rangi yake ni ya maziwa, umri wake umempita Baba, na breki zake hazijawahi kuaminika. Ni za ngoma magurudumu yote manne, halafu masta silinda, ile pampu ya kusukuma oili, ni ya njia moja, maana yake ukipasuka mpira mmoja tu, umebaki na sala. Baba amenunua breki za diski za mbele, na masta silinda mpya ya njia mbili, ili mbele zikifa nyuma zibaki.

Mama ana mimba kubwa. Hospitali iko chini ya mteremko, na masika yakikolea hakuna dereva wa teksi anayekubali kupanda huku kwenye matope. Kwa hiyo ni gari hili au miguu.

"Mtoto hatakuja kabla ya breki," Baba alimwambia.

"Mwambie yeye," Mama akajibu, akionyesha tumbo.

Kazi yangu ni kusoma kitabu cha maelekezo, kwa sababu kimeandikwa kwa lugha ya shule. Shuleni nasoma kwa lugha hiyo, nyumbani naishi kwa hii, na kwa zote mbili siongei. Ndiyo maana Baba ananiita Redio. Ni utani wake. Redio isiyo na betri.

Jumapili, 5 Machi

Nati moja imegoma kutwa nzima. Mvua.

Jumamosi, 11 Machi

Diski zimekaa. Zinang'aa kama sahani za wageni. Fundi Nusu alikuja kusaidia kuzifunga. Tunamwita hivyo kwa sababu kila nyumba ya mtaa huu ina kazi yake aliyoiacha katikati. Sisi tuna mlango wa stoo usio na komeo. Lakini breki anazijua.

Kilichobaki ni kutoa upepo. Hii kazi haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kwenye usukani na kukanyaga pedali, mwingine analala chini kwenye gurudumu na spana yake. Wa chini anasema, "Kanyaga." Wa juu anakanyaga, anajibu, "Nimekanyaga." Wa chini anasema, "Shikilia," wa juu anajibu, "Nimeshikilia." Hapo ndipo wa chini anafungua nati ndogo, na oili inatoka na mapovu. Anafunga, anasema, "Achia." Ukiachia kabla hajafunga, upepo unarudi ndani na mmefanya kazi ya bure. Wa chini hakuoni, ana sauti yako tu.

Na mimi sauti sina.

"Nimekanyaga," nilisema.

"Redio, sikusikii."

Nikarudia. Mwenyewe sikujisikia. Baba alifungua kwa kubahatisha, nikaachia kwa kubahatisha, upepo ukaingia. Tukarudia hadi shingo ikapata moto kwa aibu.

Fundi Nusu alikuwa ameegemea nguzo. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema. "Lakini kwenye breki, binti, kimya kingi kina jeneza."

Baba hakucheka. Alisema tutaendelea kesho.

Jumapili, 12 Machi

Leo lazima niandike yote.

Mvua ilikuwa kubwa. Mvua kubwa ikipiga mabati ya banda hata mtu akipiga kelele pembeni yako unamwona mdomo tu. Nilikaa kwenye usukani. Kiti ni kirefu, cha mbele kimoja kwa wote, na sponji yake imebonyea upande wa dereva. Nikasikia Baba anagonga chini ya gari kwa spana, na kwa mbali sana, "Kanyaga."

Nikakanyaga. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Si kwamba nilinong'ona. Nilimeza ulimi kabisa, kama siku ile mwalimu aliponiita mbele ya darasa.

Nikasubiri Baba akasirike. Pedali ikashuka taratibu chini ya mguu wangu, maana yake alikuwa amefungua nati. Nikabana mguu sakafuni kwa hofu. Kisha, "Achia." Nikaachia. "Kanyaga." Nikakanyaga, mdomo nimeufunga. Pedali ikashuka. Tukaenda hivyo gurudumu moja, la pili, yote manne, na mimi sijasema neno hata moja.

Mwisho pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Baba akatoka chini, uso una tope na tabasamu.

"Leo umejibu kama mtu," alisema. "Kumbe unaweza."

Ningemwambia. Lakini angalia, ili nimwambie ningetakiwa kuongea.

Tukiwa mezani Mama akasema, "Nimekusikia hadi jikoni. Sauti yako kumbe ni nzito hivyo."

Nilikuwa na tonge mdomoni. Nililisukuma kwa maji.

Jumatano, 15 Machi

Mvua. Mtihani wa hesabu. Sijambo.

Jumamosi, 18 Machi

Pedali imelegea. Imekwenda hadi sakafuni kama kukanyaga mkate. Nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto kulikuwa na alama ya oili, mbichi, na kwa sababu sakafu ya banda ni kavu ilionekana wazi.

"Upepo umeingia tena," Baba alisema.

Nilitarajia atatukana kiwanda, atatukana mvua. Hakutukana. Alikuwa akiimba puani. Alinifungulia mlango wa gari kama dereva wa mkubwa.

Tulitoa upepo upya. Leo nilijaribu jambo. Nilichukua kalamu ya shule nikaiuma kwa meno, nikaibana kabisa, ili nijue kwamba si mimi ninayejibu bila kujijua. Kalamu haikuniponyoka. Baba alifanya kazi kwa mpangilio, kila amri na nafasi yake ndogo baada yake, nafasi ya kutosha neno moja.

Mimi sisikii kitu. Nasikia mvua.

Jumamosi, 25 Machi

Imelegea tena. Alama ile ile, gurudumu lile lile. Tumetoa upepo. Imekuwa ngumu. Baba kafurahi.

Jumapili, 26 Machi

Nikiri jambo ambalo sitamwambia mtu. Siogopi tena. Naanza kupenda.

Naketi kwenye kiti kile, mvua imenifunika, naamriwa, nakanyaga, na mtu ananijibia. Sijui ni nani. Najua tu kwamba sihitajiki kufungua mdomo na kazi inakwenda. Ijumaa mwalimu aliponiuliza swali nilinyamaza nikasubiri, nikajikuta nasubiri kweli, kama kwamba jibu litatoka pembeni yangu. Darasa likacheka. Hata kucheka kwao hakukuniuma sana. Niliwaza, hawa hawajui kwamba Jumamosi nina mtu.

Jambo moja dogo. Jana "Achia" iliposemwa, niliinua mguu, na pedali haikuinuka nao. Ilibaki chini kidogo. Kisha ikapanda polepole, kama mtu mzima anayeinuka kitini kwa kujishika magoti.

Jumamosi, 1 Aprili

Fundi Nusu alipita kuomba jeki yake. Akakuta alama ya oili, akachuchumaa, akaigusa, akainusa.

"Hii mara ya ngapi?"

"Upepo unaingia tu," Baba alisema.

"Upepo hauingii tu, mzee. Si mgeni huyo. Kuna mahali anafunguliwa mlango." Akajifuta kidole kwenye suruali. "Na kingine. Oili ya breki inakunywa unyevu wa hewa. Masika haya, ukiifunguafungua kila wiki, utajaza maji humo. Utateremka vizuri, breki zikipata moto maji yanachemka, unakanyaga na hakuna kitu. Na mkeo yuko siti ya nyuma."

"Nimekusikia."

"Umenisikia, au umenisikiliza?"

Baba alimpa jeki.

Baadaye nilikifungua kitabu cha maelekezo. Ukurasa wa mwisho unasema hivyo hivyo: pedali ikishakuwa ngumu, acha, usifungue tena bila sababu. Nikakumbuka kwamba ukurasa huo nilishamsomea wiki ya kwanza. Alisema, "Hiyo ruka."

Jumapili, 9 Aprili

Shangazi amekuja kumsaidia Mama hadi ajifungue. Ni dada mkubwa wa Baba. Akiingia ndani ya nyumba, nyumba inakuwa ndogo. Ameshahamisha sufuria zote na kumwambia Mama kwamba anakaa vibaya. Mama anamchekea. Mama amevimba miguu na anapumua kama aliyepanda ngazi.

Pedali imelegea tena.

Tulikuwa bandani, mvua ya wastani. Baba chini, mimi juu, mdomo nimeufunga. Shangazi alikuwa akivuka uani na ndoo ya nguo. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Alifika usawa wa mlango wa banda, akasimama. Mvua inamnyeshea, hakusogea. Ndoo ikainama mkononi, nguo moja ikaanguka kwenye tope, hakuiokota. Alikuwa hamtazami Baba. Alikuwa ananitazama mimi, mdomo wangu, kwa makini, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Kisha akaondoka bila ile nguo.

Jumatatu, 10 Aprili

Nimerudi shuleni nikamkuta Shangazi anachambua mchele peke yake, Mama kalala. Akaniambia, "Kaa." Nikakaa. Hakunitazama.

"Yule anayejibu kule bandani siyo wewe."

Nilitikisa kichwa.

"Najua. Nimelelewa na sauti ile." Akapuliza pumba. "Imeanza lini?"

Nikamwonyesha kwa vidole kwamba ni tangu mwanzo wa mvua. Akaguna. Halafu akanisimulia, na naandika kama alivyosema.

"Babu yako na bibi yako waliacha kuongea mimi nikiwa darasa la tatu. Sababu hatukuambiwa, na nadhani baadaye wenyewe waliisahau. Waliishi nyumba moja hivyo hivyo, wamenuniana. Chakula kinapakuliwa, nguo zinafuliwa, watoto tunatumwa: mwambie baba yako chai tayari, mwambie mama yako nimeshiba. Anayeambiwa yuko pale pale. Lakini gari lina breki, na breki hazitolewi upepo na mtu mmoja. Kwa hiyo pale bandani walikuwa wanaongea, babu yako chini, bibi yako juu kwenye pedali. Kanyaga. Nimekanyaga. Shikilia. Nimeshikilia. Basi, hayo tu. Sisi tunakaa kizingitini tunasikiliza kama tuko harusini."

Akacheka kidogo.

"Na zile breki hazikuisha kuingia upepo. Babu yako alibadilisha mipira, akabadilisha kila kitu, akawaita mafundi, wapi. Kumbe kadogo kangu kana spana chini ya godoro."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kadogo kake ni Baba.

"Hukumwambia mtu?" Nilishtuka nimeuliza kwa sauti.

"Nimwambie nani? Na mimi nilikuwa nataka kusikiliza."

Jumamosi, 15 Aprili

Baada ya chakula cha mchana Baba alisema anakwenda kuangalia kama banda linavuja. Nilimfuata nikasimama nyuma ya tangi la maji. Alipiga magoti kwenye gurudumu la kushoto. Hakuwa na haraka wala hakutazama huku na huku kama mwizi. Aliizungusha ile nati ndogo ya kutolea upepo, kidogo tu, kama mtu anayemlegezea mtoto kola ya shati. Akabaki amepiga magoti, mkono juu ya tairi.

Wiki zote hizi nilimwona Baba kama mtu anayepigana na gari ili litusitiri. Nilimwonea huruma kwa kila alama ya oili. Sasa sijui nimwone vipi. Ningemkasirikia, lakini nilipomtazama pale chini nilimwona mtoto aliyekaa kizingitini.

Halafu nikaufikiria mteremko. Unaanzia kwenye kona yetu, upande mmoja ukuta wa shule, upande wa pili hakuna kitu. Nikamfikiria Mama siti ya nyuma.

Nilitaka kutoka nyuma ya tangi nimwambie. Sikutoka.

Jumapili, 16 Aprili

Tumetoa upepo. Ngumu. Nimemwekea Baba kitabu cha maelekezo kwenye kiti, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho, nimeandika tafsiri kwa penseli pembeni. Alikifunga akakitumia kukingia goti.

Alhamisi, 20 Aprili

Mvua haijakata tangu juzi. Teksi ilijaribu kupanda, ikarudi kinyumenyume. Shangazi haachi kumtazama Mama.

Jumamosi, 22 Aprili

Koo linaniuma, lakini naandika.

Uchungu ulimwanza Mama tukiwa tunakunywa chai. Alishika ukingo wa meza akasema, "Haya. Yeye hajasubiri breki." Shangazi akainuka tayari na mfuko. Baba akasema, "Breki ziko sawa, dakika moja," akatoka. Nikajua haziko sawa. Nilikimbia mbele yake nikakanyaga pedali. Mkate.

Alikuwa ameilegeza tena, sijui lini. Nilimtazama. Alinitazama. Hakusema upepo umeingia. Alichukua spana na chupa ya oili, akalala chini.

Mvua ile sijawahi kuiona. Mabati yalikuwa yanaunguruma. Kwenye kioo nilimwona Mama barazani, ameegemea bega la Shangazi, mdomo uko wazi lakini sisikii. Baba akagonga. "Kanyaga." Nikakanyaga, kimya kama kawaida yangu. Pedali ikashuka, ikafungwa, nikaachia. Tena. Tena. Oili ilikuwa imetoka kidogo tu, kwa hiyo haikuchukua muda, pedali ikaanza kunikataa mguu, ikawa ngumu. Ngumu kabisa. Imekwisha. Nikashika mlango nishuke.

"Kanyaga," Baba akasema.

Nikafikiri hajui. Nikakanyaga, labda akiona oili safi ataacha. Akafungua, akafunga. "Achia." Kisha, "Kanyaga."

Hapo nikaelewa kwamba hataacha. Kila neno lake lilikuwa likifuatwa na kile kinafasi, na ndani ya kinafasi kile alikuwa anapewa jibu, na Mama yuko barazani amekunja magoti sasa, Shangazi anamvuta juu, anapunga mkono kuelekea kwetu. "Shikilia," Baba akasema, kwa sauti ndogo, ya kubembeleza. Pedali ikashuka. Safari hii haikufungwa. Ilikaa chini, nati iko wazi, oili inamwagika, na Baba amenyamaza, kama mtu anayesimuliwa kitu kizuri.

Kiti pembeni yangu kilikuwa kitupu. Nasema hivyo kwa sababu nilikitazama. Kilikuwa kitupu na sponji yake ilikuwa imebonyea.

Nilifikiri, nikinyamaza nitajibiwa, kama siku zote. Na nilifikiri, atakayejibu hatamwambia aache. Babu na bibi walisemezana hapa tu. Kwa nini amwambie aache?

Nikapiga kelele. Sijui ilitoka wapi. Nilisikia koo linachanika.

"Funga, Baba. Imetosha. Twende."

Hakuna kilichotokea. Mvua tu. Mguu wangu uko sakafuni, siwezi kuuinua kabla hajafunga. Kisha nikasikia chuma kinalia kwenye chuma, nati inakazwa, inakazwa zaidi ya inavyohitajika.

"Achia," Baba akasema. Ilikuwa sauti yake ya kila siku.

Nikaachia, nikakanyaga. Jiwe.

Alitoka chini bila kunitazama. Akajaza oili, akafunga boneti. Shangazi alimwingiza Mama nyuma. Mimi nilikaa mbele. Kwenye kona ya mteremko Baba aliweka gia ndogo, na gari likaanza kuteleza kwenye tope, pua inauangalia upande usio na kitu. Akagusa breki, akaachia, akagusa. Kila alipogusa gari lilitii, mbele na nyuma, bila kuvuta upande. Mama alikuwa akisema, "Polepole, baba watoto, polepole jamani," na Shangazi anamwambia, "Wewe sukuma pumzi, dereva mwachie njia."

Mtoto wa kiume. Mama hajambo.

Jumamosi, 29 Aprili

Jua. Fundi Nusu amekuja kukagua, Baba mwenyewe ndiye aliyemwita. Akamwaga oili yote ya zamani, akasema ina unyevu, akatia mpya. Akalala chini, mimi juu. Hakuna mvua, banda liko kimya hata kuku nje nawasikia.

"Kanyaga."

Nilikanyaga, nikasubiri. Nilitaka kujua. Nilisubiri sana.

"Wewe binti, umelala huko?"

"Nimekanyaga," nikasema.

"Haya, usinipasulie masikio."

Alimaliza kazi yote. Tulishangaa wote.

Jumapili, 30 Aprili

Shangazi anaondoka kesho. Nilikuwa namsaidia kufunga mizigo. Nikamuuliza kama siku ile alinisikia kutoka barazani, mvua yote ile.

"Nilisikia sauti moja," alisema, anakunja khanga. "Ya kwako sikuisikia, mwanangu. Nilikuona mdomo tu."

"Ilisema nini?"

"Funga, mwanangu." Akaiweka khanga ndani ya begi, akailaza kwa kiganja. "Ilisema hivyo. Funga, mwanangu, mkeo anaumwa."

Nikamwambia mimi nilisema Baba. Nilisema, funga, Baba, imetosha, twende. Koo liliniuma siku mbili.

"Sijakataa," Shangazi alisema.

Nikaenda bandani. Baba alikuwa anaosha gari, mikono ya shati amekunja. Nilisimama kwenye gurudumu la kushoto. Sakafu ilikuwa kavu.

"Baba, siku ile ulisikia nini?"

Alikamua kitambaa. Maji yakatiririka hadi karibu na miguu yangu.

"Nilisikia naambiwa nifunge."

"Na nani?"

Alifuta kioo cha dereva, akakifuta tena mahali ambapo palikuwa safi.

"Nikafunga," alisema.